Boliti ya sampo: uchambuzi wa kisa kimoja cha thredi zilizokufa

Pikipiki ilifika ikiwa bado inadondosha. Kijana aliisukuma kutoka barabara kuu ya Mbagala mpaka gereji, akaisimamisha kwa stendi ya kati kwenye sakafu ya saruji, na kabla hatujamaliza kusalimiana tone jeusi likatua chini. Nikaangalia saa. La pili lilikuja baada ya sekunde 20, la tatu vivyo hivyo.

"Fundi, kaza hiyo boliti tu niwahi. Jioni nina hesabu ya bosi."

Nilimwomba akae kwanza. Tone moja kila sekunde 20 ni matone 180 kwa saa, na matone 20 hadi 30 ya oili yanajaza mililita moja. Piga hesabu ya siku ya kazi ya saa 12, halafu ya wiki, utakuta zaidi ya nusu lita imebaki barabarani. Injini yake ni ya cc 125, ule mfumo wa CG ambao Honda waliutoa miaka ya 1970 na viwanda vya China vinaendelea kuunakili hadi leo. Inabeba lita moja ya oili, kasoro kidogo. Haina taa ya kuonya kwamba oili imepungua. Kuna kijiti cha kupimia tu, na kijiti hakipigi kelele. Injini ya aina hii ikinoki, dereva anajua siku hiyohiyo imenoki.

Niliinama kutazama chini. Boliti ya sampo, ile ya chini ya injini inayofunguliwa ili oili imwagike, haikuonekana. Ilikuwa imezibwa kwa gundi ya chuma ya kijivu, na chini ya gundi silikoni nyekundu ilichungulia, kitu kizima kimevimba kama kiota cha nyigu kwenye ukuta. Mtu akifikia kuibandika gundi boliti ya kumwagia oili, maana yake ameshakata tamaa ya kumwaga oili. Nikamuuliza mara ya mwisho alibadilisha lini. Akasema habadilishi tena, anaongeza tu. Miezi miwili sasa.

Historia aliyonipa haikuwa na mpangilio, kwa hiyo niliipanga mwenyewe huku tukinywa chai. Kisa kilianza na washa, ile pete nyembamba inayokaa chini ya kichwa cha boliti. Fundi mmoja wa njiani alimwaga oili, akarudisha boliti na washa ileile ya zamani iliyokwisha kubanwa mara nyingi. Baada ya siku mbili boliti ikaanza kutoa jasho. Kijana akarudi, fundi akachomeka bomba kwenye spana ili apate nguvu, akakaza mpaka ikalia. Jasho likakoma kwa wiki mbili hivi. Kwenye kumwaga kulikofuata boliti ilitoka kwa shida, na kijana alikumbuka jambo moja ambalo lilinieleza kila kitu: "Ilitoka na kawaya kanang'aa, kamejikunja kama springi. Tukakatupa."

Kale kawaya ndizo zilikuwa thredi za kesi, yaani meno ya ndani ya tundu la ganda la injini ambayo boliti hukamata.

Boliti ni ya chuma, kesi ni alumini. Ukizidisha nguvu, chuma hakitoi hata jasho; kinachokatika ni meno ya alumini, nayo hutoka yakiwa yameng'ang'ania kwenye boliti. Wengi hudhani boliti ikiwa na meno kumi ndani, yote kumi yanagawana mzigo sawasawa. Sivyo. Meno matatu manne yaliyo karibu na kichwa cha boliti ndiyo yanayobeba sehemu kubwa, na hayo yakikatika mzigo unahamia kwa yanayofuata, mpaka siku boliti inazunguka bila kukamata popote. Ile wiki mbili ya utulivu baada ya kukazwa kwa bomba haikuwa kupona. Meno yalikuwa yameshavutwa, yamebaki kushikilia tu.

Baada ya hapo wakafunga tepu nyeupe ya mafundi bomba kuzunguka boliti. Ikashika siku chache. Kisha kijana alikwenda duka la spea, akaonyesha boliti yake, akapewa nyingine "inayofanana ila mpya". Ikaingia kwa nguvu, ikakaza, ikavuja. Mwisho ikaja gundi.

Nilitoa tangi la petroli na betri kabla ya kuleta joto lolote karibu, nikailainisha gundi kwa hewa ya moto, nikaibandua vipande vipande kwa patasi ndogo. Kichwa cha boliti kilipotokea nikachukua spana namba 17, maana ndiyo ya boliti ya sampo kwenye injini hizi. Ikacheza. Nikajaribu 16, ikacheza. Iliyokaa sawasawa ilikuwa 14.

Nilikaa chini kabisa pale. Mpaka dakika ile nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba kisa hiki ni cha bomba la spana peke yake. Kichwa cha 14 kilinipa habari nyingine: hii ilikuwa boliti ya sampo ya gari, aina inayofungwa kwenye Toyota ndogo zilizojaa mji huu. Niliifungua, na ilitoka ikiwa na vumbi la alumini lililosagika kati ya meno, laini kama unga wa dona.

Boliti ya sampo ya pikipiki ile ni M12 yenye hatua ya 1.5. Maana yake unene ni milimita 12, na kutoka jino moja hadi jino linalofuata ni milimita moja na nusu. Ile ya Toyota ni M12 yenye hatua ya 1.25. Unene ni uleule. Ukiziweka mezani jicho haliambulii tofauti, na muuza duka hakuwa na nia mbaya. Lakini hebu fuata zinavyoingia. Mzunguko wa kwanza tundu linataka boliti isogee milimita 1.5, boliti inasogea 1.25, kuna robo milimita ya tofauti, na kwa kuwa meno yana ulegevu kidogo, inapita. Mzunguko wa pili tofauti ni nusu milimita, unaanza kusikia ugumu. Wa tatu ni robo tatu ya milimita, ambayo ni nusu kamili ya hatua ya tundu. Hapo kilele cha jino la boliti kinakutana uso kwa uso na kilele cha jino la kesi. Mtu mwenye spana mkononi anausikia ule ugumu, anadhani boliti imeanza kukaza vizuri, anaongeza nguvu. Kuanzia hapo boliti haifuati tena njia iliyochongwa, inajichongea njia yake kwa kusaga ya zamani.

Kuzitofautisha hakuhitaji kifaa cha bei. Weka rula kwenye boliti, hesabu hatua kumi: ya 1.5 itakupa milimita 15, ya 1.25 itakupa 12 na nusu. Au shika boliti mbili, zilaze meno kwa meno, uzinyanyue kwenye mwanga. Zikiwa za hatua moja zinaumana bila kuacha upenyo. Zikiwa tofauti, mwanga unapita upande mmoja. Nilimfanyia kijana hivyo na boliti mpya ya 17 niliyokuwa nayo. Akazishika mwenyewe, akazigeuza kuelekea jua, akanyamaza muda mrefu.

Sasa tundu. Nilipangusa, nikalipima kwa vernia. Mdomoni lilikuwa limepanuka likawa kama yai, ndani zaidi lilibana. Kabla ya kufikiria kutengeneza chochote ilibidi nijue kama kesi imepasuka, kwa sababu boliti iliyolazimishwa inaweza kuupasua ule mwinuko wa alumini unaozunguka tundu, na ufa wa unywele huuoni kwa macho. Njia ninayoitumia ni ya zamani: paka mafuta ya taa, acha yaingie kama robo saa, futa mpaka pakauke kabisa, kisha pakaza unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari kwenye chaki. Nilisubiri. Chaki ilibaki nyeupe. Ungejichora mstari, mazungumzo yote yanayofuata yangebadilika, tungekuwa tunatafuta mchomeleaji wa alumini kwa gesi ya agoni.

Njia za kutengeneza ni kadhaa, na nilizipima moja moja mbele ya kijana kwa kuwa pesa ni zake.

Ya haraka kuliko zote ni kukata thredi kubwa zaidi, M14, na kuweka boliti ya M14. Tapu moja ya kukatia thredi, nusu saa, amekwenda. Nimeifanya mara nyingi miaka ya nyuma na leo siipendi kwa bodaboda. Pikipiki hii inamwagwa oili popote inapomkuta dereva: Mbagala, Kongowe, Mkuranga. Siku boliti ile isiyo ya kawaida ikipotea, fundi wa huko atatafuta ya 17 kama anavyojua, itapwaya, naye ataanza tepu na gundi upya. Tengenezo linaloacha boliti ya kawaida linamlinda huyu kijana hata kwa mafundi ambao hawajawahi kuniona.

Njia ya pili ni koili, ile inayojulikana kwa jina la Helicoil. Ni waya wa chuma kisichoshika kutu uliojisokota, umbo lake ukikatwa ni kama almasi, kwa nje unauma kesi na kwa ndani unatoa thredi za saizi ya mwanzo. Ikifungwa vizuri ina nguvu kupita thredi za alumini za kiwandani, na kwa boliti za kava au za silinda ndiyo chaguo langu la kwanza. Hapa nilikuwa na mashaka mawili. Mdomo wa tundu ulikuwa umekuwa yai, kwa hiyo mizunguko ya mwisho ya koili ingekaa bila kuegemea chochote, palepale mzigo ulipo mkubwa. Halafu koili ina kaulimi mwishoni ambako huvunjwa baada ya kuifunga, na kwenye tundu la sampo kaulimi hako kanaelekea ndani ya injini. Unaweza kukashika kwa plaizi ya mdomo mrefu na kukatoa salama, nimefanya, ila ukikakosa kanadondokea kwenye gia.

Kubadilisha kesi nzima kulimaanisha kupasua injini. Na nusu mbili za kesi huchongwa kwa pamoja kiwandani ili njia za beringi zinyooke. Ukioanisha nusu ya injini hii na nusu ya injini nyingine, unajitafutia kisa kingine.

Ikabaki bushi. Kuchonga kipande kigumu chenye thredi nje na ndani, kukifunga ndani ya kesi moja kwa moja, na boliti ikawa inafungwa na kufunguliwa ndani yake. Kilichonifanya niamue ni kazi ya pikipiki yenyewe. Bodaboda inayokimbia kilomita 100 na zaidi kwa siku inamwaga oili kila baada ya wiki mbili hivi. Ni mara 26 kwa mwaka boliti inatoka na kurudi. Tundu hili lilitakiwa kuhimili mikono ya watu mara 26, mwaka baada ya mwaka, na kipande kigumu kinahimili hilo vizuri zaidi ya kitu kingine chochote kwenye orodha ile. Mwinuko unaozunguka tundu ulikuwa na upana wa milimita 23, hivyo thredi ya nje ya M16 ingeacha alumini ya milimita tatu na nusu pande zote. Inatosha. M18 ingekuwa imara zaidi kwa bushi lakini ingeacha ukuta mwembamba wa kesi, na kesi ndiyo isiyonunulika kirahisi.

Kijana alimpigia bosi wake simu, akanipa niongee. Nikamwambia, "Bosi wangu, naomba usiku mmoja." Akauliza kwa nini boliti moja ilale. Nikamweleza habari ya gundi ya kufungia bushi, kwamba inahitaji saa 24 kukauka sawasawa. Alikubali, na hesabu ya siku ile akamsamehe. Sikulitegemea hilo, na lilinigusa.

Nikapanda daladala mpaka Gerezani, kwa mzee anayenichongea vitu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta kazi au umeleta maneno?"

Nilianza kumweleza: nje M16 hatua 1.5, ndani M12 hatua 1.5. Akanyoosha mkono. Alitaka boliti. Huwa hachongi kwa kusikia namba. Anachonga kwa kitu kitakachoingia. Nilimpa boliti mpya ya 17, akaipima mwenyewe hatua kwa geji ya meno, ndipo akaniuliza chuma au shaba.

Tulichagua shaba ya njano. Injini inapochemka na kupoa, alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Shaba ya njano inatanuka kwa kiasi kinachoikaribia alumini, kwa hiyo bushi na kesi zinakwenda pamoja badala ya kuvutana kila siku. Haishiki kutu pia. Na boliti ya chuma inateleza vizuri ndani yake.

Mzee alifunga fimbo ya shaba kwenye chaki ya mashine, yale mataya yanayoshika kitu kinachochongwa, akakereza mwili, akakata thredi ya nje, akaacha ukingo wa unene wa milimita mbili na nusu upande wa kichwa, kisha akatoboa na kukata thredi ya ndani palepale bila kuifungua kwenye chaki. Nilimuuliza zamani kwa nini haifungui ili aishike vizuri zaidi. Ukiifungua na kuifunga tena, katikati ya ndani na katikati ya nje havilingani tena, boliti inaingia imeinama unywele mmoja, kichwa chake kinagusa upande mmoja wa washa, na oili inapita upande wa pili. Boliti inavuja ikiwa imekaza kabisa, na hakuna atakayejua sababu. Kabla ya kunikabidhi aliingiza boliti kwa vidole viwili, ikashuka mpaka mwisho bila spana kuiona. Akanikodisha na tapu tatu za M16 hatua 1.5, kwa kuwa tapu za M16 zinazouzwa kila duka ni za hatua ya 2.

Jioni tuliilaza pikipiki ubavu wa kushoto juu ya matairi mawili ya gari, petroli ya kabureta imeshamwagwa. Tundu likawa linatazama pembeni, mahali ambapo macho na mikono inafika. Nilisokomeza grisi nzito ndani ya tundu, nyingi, iwe ukuta wa kunasa vumbi la alumini. Nikapanua kwa drili ya milimita 13 kwa mwendo wa polepole, kisha 14. Ile ya mwisho, ya 14.5, niliizungusha kwa mkono. Alumini ina tabia ya kuishika drili ghafla inapokaribia kutokea upande wa pili na kuivuta kwa nguvu. Mashine ikivutwa hivyo unaharibu kwa sekunde moja ulichokilinda siku nzima.

Kisha tapu ya kwanza. Nililowesha mafuta ya taa, ambayo kwa alumini yanakata safi, nikaanza: nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ili kipande kilichokatwa kivunjike kabla hakijakwama. Baada ya mizunguko miwili nikaweka gonia kwenye uso wa kesi. Tapu ilikuwa imeinama. Kidogo sana, kama unene wa karatasi chache juu ya shina lake, lakini imeinama. Nikaitoa. Nilichukua nati kubwa iliyochongwa uso wake ukawa bapa, nikaishikiza kwenye uso wa kesi iwe kiongozi, nikaanza tena kupitia humo. Safari hii gonia ilikaa pande zote mbili. Kwenye mizunguko miwili bado unaweza kusahihisha. Ikifika mitano tapu inafuata njia yake yenyewe na huwezi kuirudisha.

Tapu ya pili, ya tatu, huku kila ikitoka naifuta na kupaka grisi mpya kwenye mifereji yake. Grisi ilitoka imejaa chembe zinazometa.

Usafi ulichukua muda mrefu kuliko kutoboa. Sumaku hainasi alumini wala shaba, kwa hiyo njia pekee ni kuosha na kuangalia. Tulisimamisha pikipiki, nikamimina dizeli nusu lita kupitia tundu la kuwekea oili, nikapuliza hewa ya kompresa taratibu, na kuichuja kwenye kitambaa cheupe. Mara ya kwanza kitambaa kilimeta. Mara ya nne kilitoka kikiwa na weusi tu. Kwa uzembe mtu angeishia hapo. Mimi nilifungua kava ya kulia, ya upande wa klachi, nione chujio la wavu ambalo pampu ya oili inanyonyea.

Nilimwita kijana aje aone kabla sijaligusa. Karibu theluthi ya wavu ilikuwa imefunikwa na ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Ilikuwa imechanika nyuzi nyuzi na kulala kwenye wavu kama tambi zilizopikwa. Kila boliti ilipofungwa, tepu ilikatwa na meno ikasukumwa ndani. Oili ikaibeba mpaka kwenye chujio, na pampu ikaivuta na kuibandika. Kwa miezi miwili ile kijana alikuwa akiogopa oili inayotoka, akiongeza kila asubuhi, huku ndani pampu ikinyonya kupitia wavu unaozidi kuziba. Kuvuja kulionekana, ndiyo maana alikuja. Kuziba kusingeonekana mpaka injini ikamate. Nami nakiri, kama asingekuwa na ule uvujaji wa kumkera, pikipiki ile isingefika kwangu mapema hivyo.

Tulitoa nyuzi moja moja kwa kibano, tukafungua na chujio la mzunguko lililo kwenye ncha ya kranki, likiwa na uji mzito wa kijivu, tukalisafisha. Gasketi mpya, kava ikarudi.

Kufunga bushi kulikuwa na jambo moja gumu: alumini iliyoishi ndani ya oili miaka mingi inaificha oili kwenye vinyweleo vyake, na gundi ya kufungia thredi haishiki kwenye oili. Niliosha kwa tina, nikapasha joto kesi kwa hewa ya moto, oili ikatoka jasho, nikaosha tena. Mara tatu. Nikapaka gundi nyekundu kuzunguka thredi zote za bushi na chini ya ukingo wake, nikaizungusha ndani kwa boliti iliyobanwa na nati mbili mpaka ukingo ukalala kwenye kesi. Nikapiga senta panchi sehemu tatu kwenye mpaka wa shaba na alumini, ili bushi isije ikazunguka na boliti siku za mbele. Pikipiki ikalala gereji.

Kesho yake kulikuwa na kazi ya kukaza, na hapa nilitaka kijana ajifunze kwa mkono wake. Boliti ya M12 kwenye kesi ya alumini ya injini ndogo inataka kati ya Nyutoni-mita 20 na 30; mimi huweka 25 kwenye spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Kijiweni hakuna spana ya toki. Nikachukua spana ya kawaida ya 17, yenye urefu wa sentimita 20, na ndoo ya rangi ya lita 10 iliyojaa maji. Ukiining'iniza ndoo ile kwenye ncha ya spana iliyolala, unapata kama 20 na ushee. Nilimwambia ainyanyue kwanza ndoo kwa mkono mmoja, auzoee uzito wake, kisha avute spana kwa uzito huohuo. Alivuta, akasimama, akanitazama.

"Hivi tu, kaka?"

Hivi tu. Kinachozuia oili ni washa ya shaba mpya, laini, inayojibana kati ya nyuso mbili safi. Boliti inaibana tu. Washa iliyokwisha kubanwa imekuwa ngumu, haijazi tena mikwaruzo, ndiyo maana mtu anaongeza nguvu, halafu bomba, halafu thredi zinakufa. Bomba la sentimita 60 kwenye ile spana linageuza uzito wa ndoo moja kuwa wa ndoo tatu.

Tulitia oili mpya, tukawasha, tukaiacha ichemke dakika 10 juu ya karatasi nyeupe. Karatasi ilibaki kavu. Nilimtoza shilingi 15,000 za bushi, 25,000 za kazi, na oili na gasketi kwa bei ya duka. Gundi, tepu, boliti ya gari na oili aliyoiongeza kila asubuhi kwa miezi miwili vilikuwa vimeshamgharimu zaidi, alizihesabu mwenyewe kwa vidole.

Anakuja kila baada ya wiki mbili. Nilimwomba aje kwangu kwa miezi sita ya kwanza ili nione bushi inavyokaa, na mara ya kumi na tatu ilikuwa wiki iliyopita. Alama za panchi hazijasogea. Boliti ilitoka ikiwa safi, meno yanang'aa bila chembe. Alijifuta mikono, akairudisha mwenyewe kwa vidole mpaka ikagusa, akasita, akaitoa tena. Alikuwa amesahau washa. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa mpya ya shaba aliyoifunga kwenye karatasi ya daftari, akaivalisha boliti, akaanza upya.